Mbuzi wa Chaguo la Kwanza

Kwetu Mbeere, mtoto wa dada yako hafanyi jambo kubwa bila baraka yako. Analeta mbuzi. Ukimchinja mkamla pamoja, umekubali, na hakuna atakayekuuliza tena. Ukimwacha hai, hilo nalo ni jibu. Nilijua haya tangu ujana wangu, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Dada yangu mdogo aliolewa juu Kibugu, kwenye majani chai. Binti yake alipomaliza kidato cha nne alipata alama ambazo ukoo wetu haujawahi kuziona. Walishuka kwangu Kiritiri, mama na binti, wakivuta beberu mweusi mwenye doa jeupe usoni. Dada alikuwa amelifunga sweta lake kiunoni.

"Kaka, huku kwenu hata kivuli kinatoa jasho."

"Na huko kwenu jua huomba ruhusa kwanza," nilimjibu, tukacheka.

Baada ya chai binti akaeleza shida yake. Uchaguzi wa vyuo kwenye mtandao ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alitaka chaguo lake la kwanza liwe chuo kikuu ambako mtu husomea uhandisi na papo hapo hufunzwa uofisa wa jeshi. Alikuwa ameulizia vingine. Kimoja kilikuwa na uhandisi mzuri, lakini ukimaliza unakwenda kujaribu bahati uwanjani pamoja na umati siku ya kuandikisha askari. Kingine kilikuwa na gwaride la wanafunzi tu, la siku za sherehe. Hiki alichokitaka ndicho kingemtoa na shahada mkononi na nyota begani.

"Jeshi?" nilisema. "Na alama zote hizo? Jeshi ni la walioshindwa na masomo."

"Hilo ni jeshi la zamani, mjomba. Siku hizi hata anayejenga daraja ni mwanajeshi."

"Daraja gani? Hapa tunavuka mto kwa miguu."

"Basi nitaanza na lako."

Mama yake alinitazama. "Mimi ningependa awe mwalimu, lakini sitamzuia. Neno ni lako, kaka."

Ningeweza kusema ndiyo pale pale. Lakini alipotaja nyota nilikumbuka uwanja mmoja mjini Embu, mwaka niliomaliza shule. Nilikuwa nimekimbia kifua wazi na kufika miongoni mwa wa kwanza. Ofisa kijana akaniambia nikanyage maji, kisha nikanyage saruji. Alama ya wayo wangu ikaonekana bapa yote, haina ule upinde ambao jeshi linautaka. Akanisukuma kando kwa fimbo yake. Nyumbani nilisema nafasi zilikuwa zimejaa.

"Nitafikiri," nilimwambia binti. Nikamchukua beberu nikamfunga kwenye mgunga nyuma ya nyumba. Dada alitazama ile kamba, akafungua sweta kiunoni, akalikunja, akasema wasichelewe.

Nilijiambia watarudi. Mjomba hupenda kuombwa mara ya pili. Alhamisi nilikaa nje nikitazama njia. Ijumaa jioni nikapiga simu.

"Umeweka nini chaguo la kwanza?"

"Ualimu, mjomba."

"Na kile chuo?"

"Nilikitoa. Beberu hakuchinjwa." Alisema bila hasira, kama mtu anayekuarifu kwamba mvua haikunyesha.

"Nilikuwa nafikiri tu."

"Najua. Lakini mtandao haukuwa unafikiri. Umeshafungwa."

Alisomea ualimu, akapelekwa Timau, akawa anafundisha hesabu watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Umri wa kuingia jeshini ukampita huko huko kwenye baridi. Yule beberu nilishindwa kumchinja, nikashindwa kumuuza. Wafanyabiashara wa mbuzi walipokuja niliwaambia si wangu. Mke wangu aliwaambia ni mgeni wa mzee.

Likizo iliyopita binti alikuja kutusalimu. Alimwona chini ya mgunga, pembe zimerudi nyuma na ndevu zimefika kifuani.

"Mjomba! Huyu bado yuko kazini?"

"Namtunza."

"Angeandikishwa mwaka ule, sasa angekuwa jenerali."

Sikuweza kucheka. Nilimweleza habari za ule uwanja, za maji na saruji na ile fimbo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nivue kiatu. Akamwaga maji kwenye karai. Nilikanyaga maji, nikakanyaga saruji ya mlangoni.

Aliinama akatazama.

"Kumbe ni mguu huu."

"Ndio huu."

Jua la Kiritiri liliikausha ile alama tukiwa bado tunaitazama.

"Ungenionyesha siku ile," alisema, "ningejua si mimi uliyekuwa unanikatalia. Ningejaza nilichotaka."

Nilimwambia nimekosa. Hakusema si kitu. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi anamvuta beberu.

"Mchinje, mjomba. Huyu si wa chuo tena. Ni wa kula tu."

Tulimchemsha mchana kutwa. Kwa desturi mjomba ndiye hugawa, lakini nilimpa yeye kisu. Alimkatia mke wangu kwanza, kisha mimi, kisha yeye mwenyewe. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Mke wangu alilalamikia meno yake, binti akamcheka. Mimi nilitafuna polepole, nikamaliza sehemu yangu yote.