Mbebaji wa Petite Barrière anayejifunza kutua

Kumekucha Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, na Nyiraneza yuko kwenye mstari wa kuvuka kwenda Goma, gunia la karoti kichwani. Mkono mmoja umeshika gunia, mwingine unakandamiza tumbo juu ya kitenge. Uso umemkakamaa, wala si kwa uzito wa karoti.

"Leo iko namna gani, Mama Kayitare?" anauliza Umutesi, mbebaji mwenzake, aliye nyuma yake na kapu la vitunguu mgongoni.

"Ni jiwe tu. Tangu juma iliyopita."

Mjane huyu wa Cyanzarwe alianza kubeba mizigo ya watu mpakani Kayitare akiwa mtoto wa mgongoni. Leo Kayitare mwenyewe ni baba. Miaka yote hiyo Nyiraneza alijizuia kwenda haja. Anayetoka mstarini kutafuta choo hupoteza nafasi, na mwenye mali humpa mzigo mtu mwingine.

"Mwili niliuambia ngoja, ukangoja," anasema. "Sasa nauambia haya, unakataa."

Amekunywa mizizi, amekunywa dawa za kuharisha za kila rangi. Siku moja dawa ilimzidi akiwa papa hapa mstarini. Watu walicheka. Umutesi hakucheka: alivua kitenge chake cha juu, akamfunga kiunoni, akatembea nyuma yake hadi walipofika penye maji.

Mwaka huu alianza kutoka damu. Daktari alimweleza kwamba misuli ya njia ya haja imesahau kazi yake: inakaza wakati inapotakiwa kulegea. Asipojifunza kuilegeza ataendelea kuumia, na gunia hataliweza tena. Kazi nyingine hana.

Ndipo alipofika kwa Resty, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekulia Uganda, katika kliniki moja mjini iliyoazima mashine. Mrija mwembamba wenye puto dogo huingizwa katika njia ya haja, na waya huuunganisha na skrini. Misuli ikikaza, mchoro unapanda, ikilegea, unashuka. Mgonjwa huona kwa macho kile ambacho mwili wake unamficha.

Siku za mwanzo zilikuwa za machozi. "Sukuma, mama, polepole," Resty alisema. Mchoro ukapanda. "Sukuma." Ukapanda zaidi. Nyiraneza aligeukia ukutani, akalia. Resty alimfunika shuka hadi mabegani.

Kwa mbebaji, kusukuma ni kukaza. Unabana pumzi, unabana tumbo, unabana kila kitu, ndipo unapita.

Safari iliyofuata Umutesi alimsindikiza, akaketi upande wa kichwani. Alipoona mwenzake anakunja uso, alifanya kama wafanyavyo wakifika ng'ambo: alimwekea mikono yote miwili kichwani, kama anayepokea gunia.

"Haya, tua, Mama Kayitare. Nimeshika. Tua."

Nyiraneza akashusha pumzi ndefu. Mchoro ukateremka.

"Imeshuka!" Resty akapiga kelele.

"We usimushangilie sana, atakaza tena!" Umutesi akamwambia. Wakacheka wote watatu, na mchoro ukarukaruka.

Bado hajapona. Kuna asubuhi jiwe hurudi, na damu pia. Mwisho wa mwezi mashine inarudishwa Kigali, na hakuna anayejua kama itakuja tena. Resty anamzoeza kufanya bila skrini: kigoda chini ya miguu, mkono tumboni, pumzi ndefu, na neno lile moja.

"Sitaki mengi," anasema Nyiraneza. "Mwili unisikie hata mashine ikienda. Siku ya kuacha kubeba, niichague mi mwenyewe."

Mstari unasogea. Ghafla anasimama, kama aliyeitwa. Zamani angebana.

"Umutesi, nitue."

Umutesi anapokea gunia, analiweka kati ya miguu yake.

"Na mwenye karoti akiuliza?" anasema Nyiraneza.

"Nitamuambia umeenda kuziombea. Nafasi yako niko nayo. Enda, mama, enda ukatue."