Nyota Yenye Mkia Upande wa Bukoba

Enzi zetu, aliyetaka habari za anga alitoka nje akainua shingo. Pale Nyegezi, mtaani kwetu kando ya ziwa, televisheni ilikuwa moja mtaa mzima, dukani kwa Mama Rhoda, aliyekuwa na dishi kubwa kama karai la kuchanganyia zege. Jioni tulijazana dirishani kwake, harufu ya dagaa wa kukaanga ikituita nyumbani, nasi tukijifanya hatuisikii.

Ndiko tulikosikia habari za ile nyota yenye mkia. Mtangazaji alisema inaonekana kwa macho tu. Tulitoka mbio hadi kwenye mawe ya ufukweni, na giza lilipoanza kuingia tukaiona, chini kidogo juu ya ziwa, mkia wake mweupe umesimama kama moshi wa kuni siku isiyo na upepo. Hata wale wabishi wa mtaa walinyoosha vidole.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa anaishi nasi. Alikuja kumzika mdogo wake, aliyekufa meli ilipozama mwaka uliotangulia, na tangu hapo akakataa kuvuka maji kurudi kwake Bukoba. Mgongo wake nao haukuiweza barabara mbovu ya kuzunguka Biharamulo. Majirani waliposema ile nyota ni dalili ya msiba mwingine, alitoka akaitazama muda mrefu.

"Imekaa juu ya nyumbani kwangu," alisema. Kesho yake akamwambia baba amtafute mtu wa kumwachia shamba lake la kahawa. Baba alikwenda kukaa nje peke yake.

Dada yangu Edna, aliyekuwa kidato cha tatu, alikwenda kumuuliza mwalimu wake wa fizikia. Aliporudi hata sare hakuvua, akaketi mkekani karibu na bibi.

"Bibi, ile ni barafu na vumbi."

"Barafu hii ya kwenye friji?"

"Ndiyo, ila kubwa kama mlima. Ikikaribia jua, inaanza kufuka. Ndio ule mkia."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Na inakwenda wapi?"

"Inazunguka jua. Itarudi baada ya maelfu ya miaka."

Tangu siku hiyo hakuiacha. Kila jioni alitutangulia kwenye mawe, akimhoji Edna: nani aliipima, mbona haitoi sauti, huko nyuma inakotoka kuna nini? Mengine Edna hakuyajua, akayapeleka shule. Jioni moja bibi akasema taratibu, "Kumbe haikuja kwa ajili yetu. Inapita zake." Kisha akamgeukia baba. "Nikatie tiketi ya meli."

Bandarini mama alilia waziwazi. Edna hakulia, lakini usiku ule sikumsikia akikoroma. Siku mbili baadaye bibi alipiga simu kutoka parokiani hadi dukani kwa Mama Rhoda. Edna alishika mkonga, akasema shikamoo, nasi tukaisikia sauti ya bibi mpaka nje:

"Marahaba! Edna, nimefika. Na ile nyota haiko juu ya nyumba yangu! Imesogea, sasa iko upande wa Uganda!"

Siku hizi roketi inaruka, inarudi na kusimama wima. Mchanga wa mwamba unaoelea angani umeletwa duniani, na helikopta ndogo imeruka kwenye sayari ya Mirihi. Mwanangu anaviona vyote hivyo kabla ya chai, simu mkononi, kisha anasogeza kidole kwenda kwenye mpira. Anajua mengi kuliko Edna wa wakati ule. Juzi nilimuuliza ile helikopta ilipumzikia wapi usiku. Akanitazama kwa huruma. "Mama, si u-search tu?"

Nilitafuta, na jibu lilikuja haraka sana. Nikabaki nalo peke yangu sebuleni, sina wa kubishana naye.