Sura ya Dada Kwenye Tovuti ya Wenyewe

Mtaani walimwita Mhariri, na jina hilo alijipa mwenyewe, kwa hiyo msimwonee huruma mapema. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na miwani ya kusomea, na ofisi yake ilikuwa kona ya karakana ya dada yake mkubwa, fundi cherehani: meza moja, kompyuta iliyovimba betri, na kiti alichokitandikia mto wa mabaki ya vitambaa. Akiulizwa anafanya kazi gani alijibu, "Nina tovuti," kwa sauti ya mtu anayesema nina ghorofa.

Na kweli alikuwa nayo, mwaka wa tisa sasa. Tovuti ya kutengeneza cherehani. Uzi unakatika, sindano inaruka mshono, mashine inavuta kitambaa upande mmoja: kila ugonjwa ulikuwa na ukurasa wake. Maarifa yalikuwa ya dada. Yeye cherehani aliiogopa hata kuipangusa vumbi. Dada alisema huku anakanyaga pedali, yeye akaandika, akapiga picha, akapachika. Juu ya kila ukurasa aliweka sura ya dada, kichwani kitambaa cha kijani, futi ya kupimia shingoni, anacheka. Watu wakaja kusoma kwa maelfu, matangazo ya pembeni yakaleta chochote, na nyumba mbili zikala humo.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, na msijidai mngelikwepa, maana limewapiga chenga hata wenye vyeti ukutani. Tovuti ina nyumba na ina jina. Nyumba ni ile kompyuta ya mbali inayotunza kurasa. Jina ni lile watu wanaloliandika ili wafike. Jina hukodishwa tu, na kila mwaka unalilipia upya. Mhariri, kwa kupenda makuu, alipoliandikisha alitoa anwani ya barua pepe yenye jina hilohilo la tovuti. Akiitaja mbele za watu kifua kilitangulia. Mwaka huo wa tisa akahamia nyumba mpya, yenye kasi zaidi. Alihamisha kurasa zote, picha zote, hata maoni ya wagomvi. Sanduku la barua pepe, lililokuwa katika nyumba ya zamani, akalisahau. Kampuni ya majina ikamwandikia mara nne kwamba muda unakwisha, na barua zote nne hazikupata pa kutua.

Asubuhi moja akafungua tovuti, akakuta ukurasa mweupe. Akadhani ni mtandao. Akazima, akawasha, akaibembeleza kompyuta kama mtoto mwenye homa. Mchana ndipo akaelewa kwamba muda wa jina umekwisha.

Akaipigia simu kampuni. Binti wa huko, mpole kama muuguzi, akamwambia zimebaki siku kumi na mbili za kulikomboa jina, ila athibitishe kuwa ni yeye.

"Tutakutumia namba kwenye barua pepe uliyoandikisha."

"Hiyo barua pepe imekufa pamoja na jina."

"Basi tuandikie kutoka kwenye hiyo barua pepe, uombe kuibadilisha."

"Mwanangu, nimekwambia imekufa."

"Ndiyo, mzee. Ikifufuka utuandikie."

Akatuma kitambulisho. Wakamjibu kwamba mwenye tovuti, kwa maandishi yake mwenyewe, ni mtu aitwaye Mhariri Mkuu, na kitambulisho hakimtaji mtu huyo popote.

Siku kumi na mbili zikaishia hapo. Dada hakuambiwa kitu. Kila asubuhi ndugu yetu alikuja, akavaa miwani, akabonyeza vitufe ovyo ili mikono ionekane ina kazi. Chakula akakisogeza pembeni. Akisemeshwa, alijibu kwa mkato.

Siku ya kumi na tatu jina likachukuliwa na watu asiowajua. Hao walikuwa na nakala ya kurasa zake zote, waliyoichota mtandaoni zikiwa bado hewani. Wakazirudisha neno kwa neno, wakapachika kamari katikati. Fungua kifuniko cha chini, toa nyuzi zilizonasa, beti sasa ushinde. Yeye akakodi jina jipya, akaweka kurasa zake humo. Mtambo wa kutafutia mambo mtandaoni ukazipima, ukaona maneno hayo tayari yapo kwa wenye jina la zamani, ukamhesabu yeye ndiye mwizi. Wiki tatu alipata msomaji mmoja kwa siku, naye alikuwa yeye mwenyewe anachungulia.

Adhuhuri moja, karakana imetulia, akamwambia dada kwamba tovuti imepotea. Dada akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akaomba simu, akatazama.

"Mbona ipo? Umenipandisha presha bure. Huyu si mimi?"

"Ni wewe, dada."

"Na maneno yangu haya hapa."

"Ni yako. Ila si yetu tena. Wameichukua watu wa kamari, na kila kinachoingia ni chao."

Dada akashusha ukurasa taratibu kwa kidole chenye makovu ya sindano. Tangazo la kamari lilikuwa limekaa chini ya kidevu chake pale kwenye picha, kana kwamba yeye ndiye analinadi.

"Hela waache wale," akasema. "Sura yangu waitoe. Mafundi wenzangu watasema uzeeni nimekuwa mpiga debe wa kamari. Waandikie."

Mhariri alikuwa ameshawaandikia mara saba. Tovuti nzima ilikuwa na anwani moja tu ya malalamiko, nayo wenyeji wapya hawakujisumbua kuibadilisha: ni ileile yake ya zamani, na juu yake maneno aliyoyatunga mwenyewe, Mwandikie Mhariri. Barua zote saba alizipeleka huko. Hakuna aliyejibu.

"Nitawaandikia, dada."

"Sasa hivi, nikuone."

Akavuta kiti, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kwa mara ya nane: Mheshimiwa Mhariri. Nyuma yake dada alikuwa ameshashika tena kitambaa.

"Tia ukali kidogo, mdogo wangu," akasema, na pedali ikaanza.