Mwanamke wa Kwenye Majani

Mwalimu yule simpendi mpaka leo, na sitajifanya kwamba uzee umenilainisha. Alikuja milimani kwetu Ileje enzi za Mwingereza, kufundisha shule ya misheni, na kila alikokwenda alikwenda na kalamu mfukoni, akiwakodolea watu macho. Wanasema macho hayana pazia. Yake ningeyashonea moja kwa mkono wangu.

Mimi nilikuwa mkamwana katika nyumba ya mzee wa kanisa. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala yeye hamtazami mkamwana. Wakikutana njiani, mwanamke hutoka pembeni akainama kwenye majani mpaka mzee apite. Tulikuwa Wakristo tuliobatizwa, lakini heshima hiyo hatukuiacha, na mimi sikutaka iachwe.

Baba mkwe alikuja uani kwangu karibu kila jioni. Alikaa kwenye kigogo na binti yangu mdogo, mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, tukazungumza kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako maharage ya bondeni yamekauka, asiyaache yakapukutika." "Mwambie babu nimesikia, na uji wake huo hapo." Mtoto hata hakusumbuka kurudia maneno, alikuwa anakula tu. Baba yangu mzazi alikufa kabla sijajua kusema. Huyu ndiye niliyekuwa naye.

Siku ya kufunga shule, mwalimu aliwasomea wazazi hadithi fupi aliyoitunga mwenyewe. Nilijijua tangu mwanzo. Kaniki yangu yenye kiraka ilikuwemo, tenga la viazi lilikuwemo, na mvua, na kona ya njia ya mtoni, hata fimbo ya mzee. Mwanamke mjamzito anatupa mzigo, anajitosa majanini akitetemeka kwa hofu, na mkwe wake anapita bila kugeuza shingo, kama mfalme. Wazazi walicheka kwa aibu. Mchungaji Mzungu, aliyekaa mbele, alitoa leso akajifuta macho.

Nilimngoja mwalimu nje ya darasa.

"Mwalimu, ile hadithi ni ya uongo."

"Dada, nilikuwa ng'ambo ya mto. Niliona kwa macho yangu."

"Ulimwona mzee amesimama nyuma ya kona?"

"Alisimama? Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

"Alikohoa kabla hajafika, nikalitua tenga polepole. Sikulitupa. Halafu akasimama mvuani kuningoja, maana alijua mgongo unaniuma na kuinama nachelewa. Kutetemeka kulikuwa kwa baridi, mwalimu. Na yeye alilowa kuliko mimi."

Akasema hayo yangeiharibu hadithi. Ningekuwa mwanamume ningemzaba kofi.

"Basi kamwambie mchungaji ulichokiacha," nikasema.

"Mwandishi hafafanui hadithi yake, dada." Akaondoka na makaratasi yake kwapani.

Mchungaji alikuwa ametafuta siku nyingi sababu ya kuivunja mila ile, na sasa kapewa. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, alitusimamisha mimi na baba mkwe mlangoni mbele ya watu wote. Akasema mbele za Mungu hakuna mwanamke wa kujificha majanini. Akamtaka baba mkwe anitazame na kunipa mkono, la sivyo asikae tena na wazee wa kanisa wala asishiriki meza ya Bwana. Nilisema kwa sauti kwamba simwogopi mzee huyu, kwamba mchungaji atuache. Mchungaji akanitazama kwa huruma, kisha akamtazama mwalimu, naye mwalimu akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo anavyosema mwanamke mwenye hofu. Huruma ile niliichukia kuliko tusi.

Baba mkwe alinyoosha mkono. Nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu juu ya jicho ambalo hakuna mtu aliyewahi kunitajia, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikaupokea mkono, kwa sababu kanisa lilikuwa maisha yake na sikutaka anyang'anywe mbele yangu. Watu wakaanza kuimba, na mwalimu aliimba kwa nguvu.

Jioni nilipika uji kama kawaida. Hakuja. Kesho yake hakuja, wala wiki ile. Nikamwendea mama mkwe, nikamuuliza kama nimekosa.

"Hujakosa, mwanangu," akasema. "Ila aje aongee na nani? Akimtuma mtoto, mchungaji atasikia, amnyime meza ya Bwana. Na wewe ukitoka nyuma ya ukuta mkatazamana, yeye aibu yake ataiweka wapi?"

Mwalimu alihamishwa baadaye, na nasikia hadithi yake ilisifiwa huko alikokwenda. Baba mkwe aliishi miaka kadhaa zaidi. Tangu Jumapili ile aliruhusiwa kuniambia lolote, uso kwa uso, na hakuniambia neno mpaka tulipomzika.