Mnazi Nambari Kumi na Tisa

Skuli niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Waliokaa mtaani kwetu Mji Mkongwe nnawajua nyumba kwa nyumba, mpaka waliohama zamani. Humu siwataji, wengine wapo, wengine wametangulia mbele ya haki. Nataka kusimulia siku majina yaliponifaa.

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi za kompyuta, anakaa Amani. Kila Ijumaa huja kula kwangu, na mwaka huo kila Ijumaa tulibishana jambo moja: mji mpya wa teknolojia uliopangwa kujengwa shamba kwetu, kaskazini.

"Bibi, wenzangu wote niliosoma nao wako Dar," aliniambia, huku akinichambulia miba ya samaki kama mimi ndiye mtoto. "Mji ukijengwa tutafanya kazi hapahapa. Na hospitali itakuwepo, daktari aliye nchi nyengine anakutazama kwenye kompyuta."

"Kunitazama hata jirani ananitazama dirishani, na magoti hayajapona."

Alicheka, asikubali. Nikamuuliza makaburi yetu yatakuwaje. Akasema yatazungushiwa ukuta.

"Kwani maiti anakimbia?"

Akanisogezea sahani. Lakini la kazi lilinichoma, maana baba yake mwenyewe aliondoka kisiwani kutafuta riziki, na mpaka leo namuona Idi kwa Idi.

Sheha wa kule shamba akaita mkutano skuli ya kijijini, tukaenda mimi na mjukuu wangu. Wapimaji walikuwa wameshapita, kila mti wameupaka nambari nyekundu. Afisa wa mipango, bwana wa makamo mwenye adabu zake, akasoma orodha ya watakaoulizwa ridhaa. Alipofika shamba letu, minazi yote ishirini na mitatu aliitaja kwa jina moja: la mtoto wa mjomba wangu, anayekaa pale. Mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, anaitazama kofia yake mapajani.

Kwetu ardhi kitu chengine, mti kitu chengine. Mtu hupanda mnazi kwenye ardhi ya nduguye kwa ruhusa, na mnazi ukabaki wake na wa wanawe. Mama yangu hakuwa na ardhi. Kila alipozaliwa mtoto katika ukoo, alikizika kitovu chake kwenye shamba la kaka yake, akapanda mnazi hapo. Mama hakuandika popote. Aliniambia mimi.

Nikasimama. "Bwana afisa, orodha yako imekosea."

"Shikamoo bibi. Imekosea wapi? Shamba si la mzee huyu?"

"Marahaba. Ardhi yake, sina neno. Minazi si yake."

Watu wakaguna. Akaniuliza kama nina hati.

"Hati ya mnazi wewe umeiona wapi, mwanangu? Twende nikuoneshe."

Tukaenda, na nusu ya mkutano nyuma yetu. Nilianzia kisimani, mti kwa mti, jina la mtoto na la mama yake, na mjukuu wangu anaandika kwenye simu. Mtoto wa mjomba akanifuata akinong'ona: "Dada, hayo mambo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo yanayokunywesha madafu."

Tulipofika nambari saba nilimwambia afisa, "Huu ni wake kweli. Aliupanda siku ya harusi yake, mvua ikanyesha mpaka biharusi akabebwa." Binamu yangu akacheka bila ya kutaka. Afisa akamgeukia: "Mzee, anayosema ndiyo?"

"Ndiyo. Nyinyi mliniuliza shamba la nani. Miti ya nani hamkuniuliza."

Nambari kumi na tisa nilitaja jina, na kuandika kukasimama. Mjukuu wangu alikuwa hajawahi kuambiwa. Aliishika ile rangi nyekundu kwa kidole.

"Huu wangu?"

"Kitovu chako kiko chini yake. Na kila Ijumaa unanishauri ukatwe."

 Aliandika jina lake mwenyewe, akaendelea na la ishirini.

Wiki iliyofuata afisa alileta orodha mpya, akaibandika mlangoni mwa skuli. Nilisomewa mara mbili. Hakuna jina lililokosekana. Mji sikuuzuia, wala sijasema nautaka. Vijana wanahitaji kazi, na mimi nnahitaji magoti. Lakini anayetaka shamba lile sasa atapiga hodi milango ishirini na mitatu, Tumbatu mpaka Amani, pale alipodhani atapiga mmoja.

Maafisa wameshaanza kupita. Wengine wamekubali, wengine wamekataa, na binamu yangu kakubali kwa ule mmoja wake. Ijumaa bado tunabishana, ila siku hizi mjukuu wangu huuliza zaidi kuliko anavyojibu. Mlango wake wameshaubisha mara mbili. Mwenye mnazi wa kumi na tisa bado hajawapa neno.