Shikamoo Niliyoitoa Dohanini

Jambo hili ni la aibu na nimelificha miaka mingi, na ningeendelea kulificha kama si binamu yangu kulitoa juzi kwenye harusi, tena kwa kulipotosha, eti siku ile nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Afadhali ningelewa, ningekuwa na kisingizio. Nilikuwa na akili zangu timamu, na ndiyo maana linaniudhi mpaka leo.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, mimi kijana wa Kinyangiri, nimemposa Rebeka, binti wa Mzee Yona, mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali pale Kiomboi. Mahari ilishapelekwa, ng'ombe, mbuzi, blanketi la mama yake, kikabaki kitu kimoja tu, debe la asali. Kwetu asali si kitu cha kumshinda mtu, lakini mwaka ule nyuki walihama mizinga yangu yote minne (sijui niliwakosea nini), na kijana mmoja wa Shelui alishaanza kupitapita pale kwa Mzee Yona na baiskeli yake. Mzee akanipa hadi mwezi uishe.

Basi yule Mzungu akahamia nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima, baridi ikamshika, akawasha moto sebuleni, moshi wote ukarudi ndani. Mzee Yona akaniuliza kama najua kusafisha dohani, ile njia ya moshi inayopanda ukutani mpaka juu ya paa, maana alisikia niliwahi kufanya kazi reli kule Itigi. Nikamjibu, "Baba, hiyo ndiyo kazi yangu." Kazi yangu! Reli nilikuwa napanga kuni. Waliosafisha mabomba ya moshi ya gari moshi walikuwa watu wengine, mimi nikiwatazama huku natafuna muhogo. Lakini nilitaka mkwe anione mtu wa maana, naye akaenda kunisifu kwa memsahibu, mke wa yule Mzungu, kwamba mkwewe ni fundi kamili wa dohani.

Siku ya kazi nilichelewa, kwa hiyo sikupita jikoni kumwamkia mzee (likumbuke hilo), nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na mti wangu mrefu niliofunga matawi nchani, nikaweka ngazi, nikapanda, nikachungulia. Nyuki. Na masega mapana kama sinia, yamening'inia kutoka juu mpaka jicho linapoishia. Fundi wa kweli angeshuka akasema watu watoke sebuleni kwanza. Mimi nikashuka kimya, nikaokota debe tupu kando ya ghala (mtunza bustani aliponiuliza nikasema la kuwekea masizi), nikasokota kienge cha majani makavu, nikapanda tena. Asali ya mahari yangu ilikuwa mle ndani inanining'inilia, nimtangazie nani?

Nikatia moshi kwa juu, kama tunavyofanya kwenye mzinga, ili nyuki watokee mlango wa pili. Wakatokea kweli. Isipokuwa mlango wa pili wa dohani ni sebuleni, na sebuleni memsahibu alikuwa anakunywa chai na wageni. Wa kwanza walikuwa wachache tu, ndiyo maana Mzee Yona, maskini, alitumwa akaangalie fundi wake anafanya nini. Akapiga magoti kwenye majivu, akaingiza kichwa, akatazama juu.

Wakati huo mti wangu uko chini ya sega kubwa kuliko yote, nalibandua taratibu. Macho yetu yakakutana. Sasa mimi nililelewa hivi, mkwe hatazamwi usoni kabla ya kuamkiwa, na asubuhi ile nilikuwa bado sijamwamkia. Nikauachia mti, nikakunja mikono yote miwili kifuani, nikainama pale pale juu ya bati.

"Shikamoo, baba."

Mti ukaenda. Sega likafuata, na mengine yote nyuma yake.

"Mara..." akasema Mzee Yona, na hiyo haba iliyobaki hakuitamka mpaka leo.

Yaliyofuata sipendi kuyaeleza. Memsahibu alipitia dirishani, wageni kila mtu kivyake, mmoja wao akaipiga kumbo ngazi yangu. Watu waliokuwa wanangoja kesi bomani, ng'ambo ya barabara, wakaacha kesi zao wakaja kutazama, na hakimu naye akaja. Mimi niko juu ya bati, kienge mkono mmoja, debe mkono wa pili, na kwa sababu ya moshi wangu hata nyuki mmoja hakuniuma, jambo ambalo lilizidi kuwakasirisha watu.

Waliponishusha nilimkuta Mzee Yona amekaa nyuma ya jiko, kanzu yake nyeupe imekuwa nyeusi, jicho moja limefumba, asali inamchuruzika masikioni. Akalitazama lile debe.

"Ulijua kuna nyuki."

"Nilijua, baba."

"Mwambie baba yako," akasema polepole, maana midomo ilishavimba, "asali ya leo haihesabiwi kwenye mahari."

Mwezi ukaisha. Yule wa Shelui akaleta madebe mawili kwenye baiskeli.

Mwaka uliofuata nikakutana na Rebeka sokoni Kiomboi, mtoto mgongoni. Akaanza kucheka aliponiona, kisha akaacha. Akaniambia asubuhi ile mama yake alikuwa ameshamshawishi mzee aniongezee muda hadi msimu mwingine wa asali, mzee akakubali, na alikuwa ananingoja jikoni nipite kumwamkia ili aniambie.

Tangu hapo siingii nyumba ya mtu kwa nyuma. Naanzia jikoni, naamkia kwanza, hata kama nimechelewa na nyumba inaungua.