Hewa ya Moto kwenye Mikono ya Mama

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana mimi sicheki. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa mtaani Jericho, kando ya soko, mahali ninaporekebisha plastiki za magari.

Kazi yangu ni ya vitu vidogo vidogo. Bampa imechubuliwa na geti, ile plastiki nyeusi ya juu ya gurudumu imepauka ikawa kijivu, unaniletea. Nina mashine ya kupuliza hewa ya moto, inafanana na ile ya kukausha nywele saluni, ila moto wake si wa mchezo. Ukiipitisha polepole, mchubuko unafutika na weusi unarudi. Ukizubaa, plastiki inayeyuka.

Jumamosi moja akaja shosho mmoja, bibi kizee, peke yake, akiendesha gari dogo jeupe. Plastiki zote za pembeni zimepauka. Nikaanza kazi, yeye amesimama nyuma yangu akitazama. Weusi uliporudi akacheka, akaninyooshea mikono yake. Makunyanzi matupu, mishipa nje.

"Fundi, nipitishie na hapa."

"Ai, shosho, utaungua bana!"

"Washa."

Mimi na ujinga wangu nikawasha, mbali kidogo, nimtishe tu. Yeye akasogeza mikono karibu. Na ngozi, niamini, ikajinyoosha mbele ya macho yangu. Mikono ya msichana kwenye mwili wa ajuza! Akaingia garini akaenda zake, mimi nimebaki mdomo wazi.

Sasa, mama yangu. Mama alitulea kwa kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, mimi na dada zangu, mpaka vidole vikakunjamana, vikafa ganzi. Miaka mitatu alikuwa hajasuka. Hata vifungo vya sweta nilimfungia mimi, na alikuwa akilia kwa kukaa bure.

Utaniuliza, mbona hukujaribu kwako kwanza? Nilijaribu! Kwani unanionaje? Nilijipulizia kiganja, moto wa mwisho kabisa, na haikuchoma. Ilikuwa kama mvuke wa chai. Nikabeba mashine mbio hadi nyumbani.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nilipomweleza hakubisha hata kidogo, akaweka mikono juu ya stuli. "Mwanangu, nikisuka hata kimoja tu, nitashukuru."

Nikapuliza. Akafumba macho, anatabasamu.

"Endelea. Nasikia vinafunguka."

Nikaendelea.

"Ongeza."

Nikaongeza. Na vidole vilikuwa vinanyooka, haki ya Mungu, niliviona! Harufu ndiyo iliyonizindua. Nikatazama tena: ngozi imebabuka, nyama imeiva, na mama bado anatabasamu, kwa sababu ile ganzi haikumwacha asikie maumivu.

Hospitalini walikata vidole saba. Dada zangu hawanisalimii, na wala siwalaumu.

Shosho alirudi wiki iliyofuata. Hakushuka. Aliteremsha kioo, akaweka ile mikono laini juu ya mlango, akaniuliza, "Fundi, mama alifurahi?" Mimi sikuwahi kumtajia kwamba nina mama. Nikaokota nyundo nikamrushia, ikampita. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaondoka polepole, hana haraka na mtu.

Hata hivyo, si huyo anayeninyima usingizi. Ni mama. Hajanilaumu hata siku moja. Kila asubuhi nikimlisha uji ananinong'oneza, "Leta ile mashine, mwanangu. Vilikuwa vinafunguka. Tulikatiza mapema." Laiti angenitukana! Laiti angenitemea huo uji usoni!

Basi wewe fundi unayenisikiliza, uwe Kayole, uwe Mathare, ajuza akikunyooshea mikono, chomoa waya, funga kazi, nenda nyumbani mikono mitupu. Na usijidanganye eti utajaribu kwako kwanza. Kwako haitachoma.